Tabo ya Injini ya Dizeli: Kifaa Kidogo Kinachobeba Kazi ya Mitambo Mizito

Na Mwandishi Wetu

Kila mwaka, wiki chache kabla ya mvua kuanza, magreda, makatapila na malori ya kubeba kokoto huingia katika barabara za vumbi za wilaya mbalimbali nchini. Kazi hiyo haina muda wa ziada. Barabara ambayo haijachongwa, na ambayo mitaro yake haijazibuliwa, hugeuka tope mvua inapokolea. Tope hilo humzuia mkulima kufikisha mazao sokoni, humzuia mwanafunzi kufika shuleni, na hulizuia gari la wagonjwa kumfikisha mama mjamzito hospitalini kwa wakati.

Ratiba hiyo yote inaweza kuvurugwa na hitilafu ya kifaa kimoja kilichofungwa ubavuni mwa injini, ambacho kwa greda la kawaida hakizidi ukubwa wa sufuria ya kupikia chakula cha familia. Kifaa hicho ni tabo, yaani pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa injini. Mafundi na waendesha mitambo hukitaja kila siku. Hata hivyo, wengi waliokabidhiwa dhamana ya kuisimamia mitambo hiyo, wakiwemo maofisa usafirishaji, maofisa manunuzi na viongozi wa vyama vya ushirika vyenye matrekta, hawajapata nafasi ya kuelezwa kinavyofanya kazi na yale yanayokiharibu kabla ya wakati wake. Makala haya yanaeleza mambo hayo kwa lugha nyepesi, kwa kuwa mtambo wa umma ni mali ya kila mwananchi na utunzaji wake huanza na uelewa.

Hewa hutangulia mafuta

Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto kama ilivyo kwa injini ya petroli. Kwanza huvuta hewa peke yake ndani ya silinda, kisha pistoni huigandamiza hewa hiyo mpaka ibaki na nafasi ya sehemu moja tu kati ya 15 hadi 20 za nafasi yake ya awali. Mgandamizo huo huipandisha hewa joto kupita nyuzi 500 za Selsiasi. Hapo nozeli hunyunyiza dizeli kwa shinikizo kubwa, na dizeli hiyo huwaka yenyewe mara inapokutana na hewa ya moto. Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani, alifanikisha injini ya aina hiyo mjini Augsburg mwaka 1897, na kanuni yake haijabadilika hadi leo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba nguvu ya injini haitokani na dizeli pekee. Kilo 1 ya dizeli huhitaji takriban kilo 14.5 za hewa ili iungue yote. Kwa kuwa lita 1 ya dizeli ina uzito wa takriban kilo 0.84, lita hiyo moja huhitaji si chini ya kilo 12 za hewa, ambazo katika usawa wa bahari ni sawa na meta za ujazo 10 hivi. Kiutendaji injini ya dizeli huhitaji hewa zaidi ya hapo, kwa sababu mafuta na hewa havipati muda wa kutosha kuchanganyika kikamilifu. Dizeli ikiongezwa bila kuongezwa hewa, mafuta ya ziada hayaungui vizuri. Hutoka katika ekzosi yakiwa moshi mweusi na masizi, nayo fedha ya walipakodi huwa inapeperuka angani.

Kwa msingi huo, mhandisi anayetaka injini yenye nguvu zaidi ana njia mbili. Njia ya kwanza ni kuunda injini kubwa zaidi, yenye silinda pana au nyingi. Injini ya namna hiyo huwa nzito, huchukua nafasi kubwa na hupoteza nishati nyingi katika msuguano wa vipuri vyake. Njia ya pili ni kuingiza hewa nyingi zaidi katika silinda zilezile, na hiyo ndiyo kazi ya tabo.

Moshi unaofanya kazi mara ya pili

Katika nishati yote iliyomo ndani ya dizeli, injini nzuri ya mtambo mzito hugeuza takriban asilimia 40 kuwa kazi. Nishati inayobaki hupotea kama joto kupitia rejeta na msuguano, na takriban asilimia 30 hutoka nje pamoja na moshi. Tabo hurejesha sehemu ya nishati hiyo ya moshi ambayo vinginevyo ingepotea bure.

Kifaa hiki kina magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa katika ncha mbili za shafti moja. Gurudumu la kwanza, liitwalo tabaini, limewekwa katika njia ya moshi. Moshi unaotoka kwenye silinda, ambao mtambo ukiwa kazini huweza kufikia nyuzi 600 au zaidi, hulisukuma na kulizungusha kwa kasi. Gurudumu la pili, liitwalo kompresa, huzunguka pamoja na la kwanza, huvuta hewa safi kupitia chujio na kuisukuma kuelekea kwenye silinda. Wakati injini ya greda inazunguka takriban mara 2,000 kwa dakika, shafti ya tabo yake inaweza kuzunguka zaidi ya mara 80,000 katika dakika hiyo hiyo.

Hewa inapogandamizwa hupata joto, na hewa ya moto hutanuka. Hewa inayotoka kwenye kompresa huweza kufikia nyuzi kati ya 150 na 200. Kama ingeingia kwenye silinda ikiwa na joto hilo, sehemu ya faida ya tabo ingepotea. Ndiyo maana mitambo mingi ya sasa ina kipoza hewa, ambacho mafundi hukiita intakula, kilichowekwa kati ya tabo na silinda. Hewa yenye nyuzi 180 ikipozwa hadi nyuzi 60 bila shinikizo lake kupungua, uzito wake katika nafasi ileile huongezeka kwa zaidi ya theluthi moja. Tabo na kipoza hewa vikifanya kazi pamoja, injini ya ukubwa uleule inaweza kutoa nguvu mara moja na nusu, na wakati mwingine hata mara mbili ya ile ambayo ingetoa bila vifaa hivyo.

Hesabu ndogo inaonesha ukubwa wa kazi hiyo. Injini yenye ujazo wa lita 10, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, hujaza silinda zake zote mara 1,000 kwa dakika. Hizo ni lita 10,000, au takriban meta za ujazo 600 kwa saa. Tabo ikiongeza hewa hiyo maradufu, injini itakuwa inavuta karibu meta za ujazo 1,200 za hewa ya nje kila saa inapofanya kazi kwa nguvu kamili. Hiyo ni hewa ya vyumba 25 vyenye urefu na upana wa meta 4 na kimo cha meta 3. Hewa yote hiyo huvutwa palepale panapotimka vumbi.

Kutoka Uswisi hadi migodini

Wazo la kutumia moshi kusukuma hewa ni la mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyelisajili mwaka 1905. Ilimchukua takriban miaka 20 ya majaribio kabla ya kupata mafanikio, kwa kuwa vyuma vya wakati huo havikuhimili joto na kasi iliyohitajika. Mwaka 1925 alifanikiwa kuongeza nguvu ya injini ya dizeli kwa takriban asilimia 40. Matumizi ya mwanzo yalikuwa katika meli na injini kubwa, na baadaye teknolojia hiyo ikaingia katika malori, matrekta na mitambo ya ujenzi.

Leo hii ni nadra kukuta mtambo mpya mzito usio na tabo. Mfano wa upeo wa juu ni malori ya migodini. Lori aina ya Caterpillar 793F, linaloweza kubeba zaidi ya tani 220 za mawe kwa safari moja, lina injini ya silinda 16 yenye ujazo wa karibu lita 85 na nguvu farasi zaidi ya 2,600. Injini ya namna hiyo haiwezi kufikia nguvu hizo bila tabo. Ikumbukwe kuwa jina la kampuni hiyo ndilo lililotupatia neno katapila, ambalo kwa wananchi wengi limekuwa jina la kila tingatinga la minyororo, hata lile lililotengenezwa na kampuni nyingine.

Mazingira ya mtambo wa nje ya barabara ni magumu kuliko ya lori la lami. Lori la lami hubeba mzigo mlimani na kupumzika mteremkoni, huku upepo wa mwendo ukisaidia kuipoza injini. Katapila husukuma udongo kwa mwendo wa mtu anayetembea, injini yake ikitoa karibu nguvu zake zote kwa dakika nyingi mfululizo, na upoaji wake hutegemea feni peke yake. Kwa sababu hiyo umri wa mtambo hupimwa kwa saa za kazi na si kwa kilometa, na ratiba ya matengenezo yake hufuata mita ya saa.

Nguvu katika nyanda za juu

Tanzania ni nchi yenye miinuko mingi, na suala hili linahusu moja kwa moja uchaguzi wa mitambo. Kadiri mtu anavyopanda juu, hewa huwa nyepesi. Katika usawa wa bahari, meta moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa takriban kilo 1.2. Katika kimo cha meta 1,100, ambacho ni karibu na kile cha Dodoma, uzito huo hupungua kwa takriban asilimia 10. Katika mji wa Njombe, ulio juu ya meta 1,800, upungufu hufikia asilimia 16 hivi, na katika tambarare ya Kitulo yenye kimo cha meta 2,600 upungufu unazidi asilimia 20.

Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribiana na upungufu huo. Trekta lililolima vizuri ukanda wa pwani linaweza kushindwa kuvuta jembe lilelile Makete, huku likitoa moshi mweusi kwa sababu dizeli inayoingia ni ileile wakati hewa imepungua. Injini yenye tabo hustahimili zaidi: hewa ikiwa nyepesi, gurudumu huzunguka kwa kasi kubwa zaidi na kufidia sehemu kubwa ya upungufu. Hata hivyo, uwezo huo una mpaka. Kila mtengenezaji hutaja kimo ambacho, ukikivuka, lazima kiasi cha dizeli kipunguzwe ili tabo isizunguke kupita kiwango na injini isipate joto la ziada. Taarifa hiyo imo katika kitabu cha mtambo, na ni miongoni mwa kurasa zinazopaswa kusomwa kabla ya mtambo kununuliwa au kuhamishiwa mkoa mwingine.

Vumbi, adui wa kwanza

Vumbi la barabara zetu lina chembechembe za mchanga, na mchanga hula chuma. Chujio la hewa likitoboka, au bomba la mpira kati ya chujio na tabo likilegea, chembechembe hizo hugonga mapanga ya kompresa yanayozunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika. Mapanga huliwa polepole mpaka kingo zake zinakuwa butu, na msukumo wa hewa hupungua. Vumbi linalopita hapo huingia kwenye silinda na kukwangua pistoni na ringi zake. Panga likikatika, kipande cha chuma huweza kuingia ndani ya injini na kusababisha uharibifu unaodai matengenezo makubwa.

Mitambo mingi mizito ina chujio mbili za hewa, moja ndani ya nyingine. Ile ya nje huzuia vumbi, na ile ya ndani ni ya usalama endapo ya nje itapasuka. Yapo makosa matatu yanayojitokeza mara kwa mara. La kwanza ni kuligonga chujio kwenye tairi au jiwe ili kukung'uta vumbi, kitendo ambacho hupinda kingo zake na kufungua mianya. La pili ni kulipuliza kwa upepo wa kompresa wenye shinikizo kubwa, ambao hutoboa karatasi yake kwa matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. La tatu ni kulitoa chujio la ndani na kufanya kazi bila hilo kwa madai kwamba injini inapumua vizuri zaidi. Badala ya kukisia, mwendesha mtambo anapaswa kufuata kiashiria cha chujio, ambacho huonesha lini limeziba kiasi cha kuhitaji kubadilishwa. Bei ya chujio ni ndogo sana ikilinganishwa na ya tabo, na bei ya tabo ni ndogo ikilinganishwa na ya injini nzima.

Oili na dakika chache za subira

Katika tabo nyingi, shafti haikai juu ya gololi. Huelea juu ya utando mwembamba wa oili ya injini, oili ambayo hulainisha na wakati huohuo hupoza. Utando huo ukikosekana kwa sekunde chache tu shafti ikiwa katika kasi, chuma hugusana na chuma na uharibifu huanza. Kutokana na hali hiyo, nyakati mbili zinahitaji uangalifu wa pekee.

Wakati wa kwanza ni kuwasha. Injini inapowashwa asubuhi, oili huhitaji muda kidogo kupanda kutoka sampu hadi kwenye tabo. Mwendesha mtambo anapaswa kuiacha injini izunguke taratibu, aangalie kipimo cha shinikizo la oili, na asikanyage mafuta kwa nguvu katika dakika hiyo ya mwanzo. Tahadhari hiyo ni muhimu zaidi baada ya oili au tabo kubadilishwa, kwa kuwa mabomba huwa matupu.

Wakati wa pili, unaopuuzwa zaidi, ni kuzima. Mtambo ukizimwa ghafla ukitoka kwenye kazi nzito, pampu ya oili husimama papo hapo, lakini tabaini bado ina joto kali na shafti bado inazunguka. Oili iliyobaki kwenye tabo hupikwa na joto hilo hadi kuwa gaga jeusi linaloziba njia zake. Kosa hilo likirudiwa kila jioni, baada ya miezi kadhaa njia ya oili huwa imeziba na tabo hufa bila onyo la wazi. Kinga yake haigharimu hata shilingi: ni kuiacha injini izunguke taratibu bila mzigo kwa dakika tatu hadi tano kabla ya kuzima. Hata hivyo, kuiacha injini iunguruume kwa saa nzima bila kazi nako si utunzaji, kwani huunguza dizeli bure na kujaza masizi kwenye mfumo wa moshi.

Vilevile, oili inapaswa kuwa ya daraja lililotajwa na mtengenezaji na kubadilishwa kwa saa za kazi zilizopangwa, pamoja na chujio lake. Oili iliyochakaa hubeba masizi, na masizi hayo hupita mahali pembamba kuliko unywele, ndani ya tabo.

Dizeli safi

Pampu na nozeli za injini ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa hupoteza ulaini huo, na pampu huanza kuliwa. Nozeli iliyoharibika hainyunyizi mafuta kwa ukungu mwembamba bali huyadondosha, jambo linaloongeza joto la moshi, masizi na mzigo kwa tabo. Uchakachuaji wa mafuta ulikuwa kero kubwa nchini, na mwaka 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta ili kuudhibiti. Wajibu wa msimamizi wa mtambo ni kununua mafuta katika vituo vinavyotambulika, na kutopokea mafuta ya madumu yasiyojulikana yalikotoka.

Aidha, mafuta yanayohifadhiwa kwenye mapipa katika kambi za ujenzi yanahitaji muda wa kutulia ili maji na uchafu vishuke chini kabla ya kumiminwa kwenye tangi. Chombo cha kutenganisha maji kinapaswa kufunguliwa na kumwagwa kila asubuhi. Kujaza tangi jioni baada ya kazi husaidia kuzuia mvuke wa hewa usigeuke maji ndani ya tangi usiku.

Dalili zinazopaswa kuripotiwa

Tabo hutoa ishara kabla ya kufa, na mwendesha mtambo makini huzitambua mapema. Moshi mweusi pamoja na kupungua kwa nguvu humaanisha hewa haitoshi: chujio limeziba, bomba limevuja, kipoza hewa kimejaa vumbi au tabo imechoka. Moshi wa buluu huashiria kwamba oili inaungua, pengine kwa sababu sili za tabo zimeachia. Moshi mweupe usiokoma baada ya injini kupata joto huashiria dizeli isiyoungua au maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Mlio mpya mkali kama wa king'ora, au oili inayoonekana ndani ya mabomba ya hewa, ni sababu ya kuusimamisha mtambo na kumwita fundi.

Ipo hatari moja ambayo kila mwendesha mtambo anapaswa kuijua. Sili za tabo zikiharibika sana, oili nyingi huweza kuingia kwenye njia ya hewa na injini ikaanza kuitumia oili hiyo kama mafuta. Injini ya namna hiyo huongeza kasi yenyewe na haizimiki kwa ufunguo, kwa kuwa kukata dizeli hakuikatii oili. Huzimika tu inaponyimwa hewa. Baadhi ya mitambo ina vali ya dharura ya kufunga hewa, na mwendeshaji hana budi kujua ilipo. Kamwe mtu asijaribu kuziba mdomo wa hewa kwa mkono au kitambaa, kwani mvuto wake unaweza kumjeruhi vibaya. Mahali ambapo vali hiyo haipo, jambo la kwanza ni kuwaondoa watu karibu na mtambo.

Kosa jingine hufanyika karakana. Tabo iliyokufa hubadilishwa kwa nyingine mpya bila kutafutwa kilichoiua. Kama chanzo kilikuwa bomba la oili lililoziba au chujio lililotoboka, tabo mpya nayo itaharibika baada ya muda mfupi, na halmashauri italipia mara mbili. Fundi mzuri hutaja chanzo katika taarifa yake ya matengenezo, na msimamizi ana haki ya kukidai kabla ya kuidhinisha malipo.

Maswali ya kuuliza kabla ya kununua

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikubaliana kwamba kuanzia mwaka 2015 nchi wanachama zitumie dizeli yenye salfa isiyozidi miligramu 50 kwa kilo, hatua iliyopunguza sana uchafuzi na uchakavu wa injini. Hata hivyo, mitambo mipya iliyotengenezwa kwa viwango vya sasa vya Marekani na Ulaya ina mifumo ya kuchuja masizi inayohitaji dizeli safi zaidi: salfa isiyozidi miligramu 15 kwa Marekani na 10 kwa Ulaya. Baadhi yake huhitaji pia kimiminika cha urea cha kusafisha moshi. Mtambo wa namna hiyo ukinunuliwa bila kuzingatia mafuta yaliyopo, unaweza kupunguza nguvu wenyewe au kugoma katikati ya kazi.

Kwa mantiki hiyo, ofisa manunuzi anapaswa kupata majibu ya maswali manne kwa maandishi: injini inahitaji dizeli ya kiwango gani cha salfa, itapoteza kiasi gani cha nguvu katika kimo cha mahali itakapofanya kazi, chujio, oili na tabo zake zinapatikana wapi nchini na kwa muda gani, na nani atawafundisha waendeshaji na mafundi kabla ya mtambo kukabidhiwa. Bei ya chini siku ya zabuni haina maana kama mtambo utasimama miezi mitatu ukisubiri kipuri.

Afya ya watu

Mwezi Juni 2012, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Injini inayopata hewa ya kutosha hutoa masizi machache. Kwa hiyo kulitunza chujio na tabo ni pia kuyalinda mapafu ya mwendeshaji, ya vibarua wanaofanya kazi nyuma ya mtambo, na ya wananchi wanaoishi kando ya barabara. Injini isiwashwe ndani ya karakana isiyo na madirisha, na mwendeshaji apatiwe vifaa vya kukinga masikio.

Daftari la mtambo

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mtambo wa umma unapaswa kuwa na daftari linaloonesha saa za kazi, tarehe za kubadilisha oili na chujio, kiasi cha dizeli kilichowekwa, na dalili zilizoripotiwa na mwendeshaji. Daftari hilo likisomwa kila wiki litaonesha ongezeko la matumizi ya mafuta au upungufu wa oili muda mrefu kabla ya mtambo kusimama. Litamlinda pia mwendeshaji mwaminifu, kwa kuwa litaonesha ni lini alitoa taarifa na ni nani aliyeipokea.

Wito kwa wasimamizi wa mitambo katika halmashauri, wakala za barabara, skimu za umwagiliaji na vyama vya ushirika ni kufanya ukaguzi wa chujio, mabomba ya hewa na oili wakati huu ambapo barabara bado ni kavu, na kuagiza vipuri mapema badala ya kusubiri hitilafu. Nao waendesha mitambo wanahimizwa kuzipa injini dakika zake za kupoa kila jioni. Mvua zinapoanza, barabara iliyokwisha kuchongwa ndiyo itakayompitisha mgonjwa.